Waya Haukufika Jikoni

Nyumbani, Alhamisi mchana

Kemunto mwanangu,

Mambo ya sweta, pasipoti na dawa ya mafua mama yako ameshakuambia mara tatu, na mara ya nne anakungojea ukirudi kutoka Chepilat, kwa hivyo mimi sitayagusa. Baridi ya Ujerumani siijui. Ninayoijua ni ya hapa, ya saa kumi na mbili asubuhi juu ya paa la kiwanda cha chai, nikiwa na ndoo na kitambaa, napangusa umande kwenye paneli. Naandika saa hii kwa sababu umeenda kumuaga shangazi yako, mama yako amelala, na mvua bado haijaanza. Nina kama saa mbili hivi. Nikingoja tukae ana kwa ana nitaanza mizaha, unanijua.

Jumapili tukikama ng'ombe uliniuliza, "Baba, nikimaliza hii miaka tatu nirudi, nitampata mama?" Nikakujibu, "Utampata, tena atakuwa amenona." Ukacheka. Mimi nikainamisha kichwa nikaendelea kukama.

Jibu lile halikuwa kweli. Nimelala nalo na kuamka nalo siku nne, na kesho alfajiri gari linakuja kukuchukua. Ndiyo sababu naandika. Lakini kabla sijakuambia alichosema daktari, nivumilie kidogo nikueleze tulivyofika hapa, maana kuna mkono wangu ndani yake na sitaki uje uambiwe na mtu mwingine.

Watu wa hapa wanasema umemfuata baba, kwa kuwa huko Ujerumani unaenda kusomea umeme wa jua. Nimelisikia hilo kanisani, nimelisikia kwa muuza mbolea, na kusema kweli limenifurahisha kuliko inavyofaa. Wakati wewe unazaliwa nilikuwa nazunguka masokoni na paneli moja nimeifunga nyuma ya baiskeli, nachaji simu za watu. Sokoni Ndanai walinizoea. Siongiroi, siku ya mnada wa ng'ombe, wafanyabiashara walikuwa wananiachia simu zao asubuhi na kuzichukua jioni zimejaa, na wengine walikuwa wananiuliza kama jua nalileta mimi mwenyewe. Baadaye nikaanza kupanda mapaa. Mkisii mmoja mfupi niliyeletwa huku nikiwa nimebebwa mgongoni, babu yako alipokuja kuchuma chai, nikawa naitwa na Wakipsigis, wenyeji wa huku wenye mashamba makubwa: fundi njoo, fundi umekula? Hapa kijijini nikawa Fundi wa Jua. Jina hilo lilinipanda kichwani, na bado halijashuka lote.

Kisha kiwanda kikafunika paa lake lote kwa paneli na kikaniajiri kuzitunza. Unakumbuka jinsi jenereta ya pale ilivyokuwa ikinguruma kila stima ikipotea, mpaka vikombe vinatetemeka kwenye meza ya kantini. Baada ya zile paneli, mchana wa jua ilinyamaza. Wageni wakaanza kuja, na meneja alipogundua kwamba mimi sina haya ya kuongea, akawa ananipandisha nao ngazi. Nikajifunza neno kaboni. Nikawa nawaambia, "Kila saa jenereta ikilala, kuna moshi haujaenda juu. Ule moshi ndio unaoharibu mvua. Ndio unatuletea mvua ya mawe inayochanachana majani ya chai, na baridi inayounguza miche." Nilikuwa nasema kweli, na bado naamini kila neno. Walikuwa wananipigia makofi, nami najifanya kama sikuyategemea.

Ulikuwa darasa la nane shule yenu ilipowaleta kiwandani siku ya wazazi. Nilimaliza hotuba yangu, ukanyoosha kidole kwenye bomba la boila ukauliza, "Na huo moshi mwingine, baba?" Watu wakacheka. Nikasema boila ni mambo mengine, chai haikaushwi na balbu, inataka mvuke, na mvuke unataka kuni. Hilo nalo ni kweli. Lakini wewe hukucheka. Uliendelea kuuangalia ule moshi mpaka mwalimu akakuita, na mimi nikaona aibu kidogo bila kujua ya nini.

Sasa nikwambie ya nyumbani. Siku niliyoweka sola yetu ulikuwa darasa la nne. Unachokumbuka wewe ni mwanga, maana ulizima na kuwasha mpaka nikakukemea. Mimi nakumbuka mama yako ameshika ngazi. Niliweka taa sebuleni, mbili. Nikaweka chumbani kwetu, chumbani kwako, na moja nje mlangoni ili majirani waone. Nikashuka, nikapangusa mikono. Mama yako akasema, "Na jikoni je, Baba Kemunto?"

Nikamwambia waya umeisha.

Waya haukuwa umeisha. Ulikuwa umebaki, naweza kukuonyesha kwa mikono urefu wake. Kesho yake niliutumia kupeleka taa zizini, kwa sababu ng'ombe wa maziwa alikuwa karibu kuzaa. Ng'ombe alipata taa, mama yako akabaki na koroboi la mafuta ya taa. Aliliona. Hakusema kitu, alikuja na ndoo ya maziwa akasema afadhali sasa hatakanyaga mavi, akaenda zake kupika.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini nilidanganya juu ya waya. Si uchoyo. Nilipotoka kutahiriwa, nikiwa kijana mdogo, babu yako aliniambia kwamba kuanzia siku hiyo nikionekana nimekaa karibu na mafiga ya mama yangu ataniona kama mtoto tena. Nikashika. Nikitaka chakula nasimama nje naita. Nilipooa, nikajenga jikoni pale nyuma, mbali na nyumba, kama vile baba alivyojenga, kuta za udongo, mlango mmoja, dirisha hakuna, na nikaendelea kusimama nje na kuita. Miaka yote ile sikuwa nimeingia humo hata mara moja. Kupeleka waya jikoni kungetaka niingie, nipande juu ya mapipa ya mama yako, nipige misumari kwenye maboriti yake. Nilikuwa fundi wa kila paa la hapa kwetu isipokuwa lile moja. Niliona haya ya kuingia, ndiyo hali yenyewe, na haya hiyo nikaiita waya kuisha.

Usije ukadhani nasema balbu ingemponya. Wewe ni mtu wa hesabu, utanikosoa. Moshi uliomwingia ulitoka kwenye kuni: vijiti vya michai iliyopogolewa na mikaratusi mibichi niliyokuwa namletea mimi mwenyewe na mkokoteni nikitoka kiwandani. Balbu haizuii moshi. Lakini ningeingia. Ningeingia nikaona.

Kuna mtu aliwahi kuniambia. Mama Chepkoech wa ng'ambo ya mto, yule mjane aliyekuwa anakupa maziwa lala, aliniita nimwekee taa tatu. Nikaanza na sebule, kama kawaida yangu. Akanizuia ngazini.

"Wewe fundi, hiyo ya kwanza weka jikoni."

"Mama, wageni wako watakaa gizani?"

"Wageni wanakuja Krismasi. Mimi niko hapa jikoni kila siku. Na ukimaliza taa, toboa hapo juu moshi itoke."

Nilimcheka. Nikamwambia mimi ni fundi wa jua, si fundi wa matundu. Nikaweka taa, la tundu akamwita fundi mwingine. Jioni nikamsimulia mama yako kama kichekesho, kwamba kuna mama mmoja anawasha sola jikoni na kuwaacha wageni gizani. Mama yako alikuwa anaepua sufuria. Akasema, "Huyo mama ana akili." Akakohoa. Nikaona amenikatia utamu wa hadithi.

Hicho kikohozi. Kikohozi hicho tuliishi nacho kama mtu wa nyumba. Nilinunua dawa ya chupa, nikachemsha malimau, nikamwambia aache kukaa kwenye baridi. Na kuna kitu kimoja nilifanya ambacho nikikikumbuka natamani ardhi inimeze. Wageni wa kiwandani walipokuja hapa kunywa chai, yule mama mwenye kamera na wenzake, mama yako akakohoa kule nyuma mpaka wakageuka. Nikasema, "Hiyo ni jenereta yangu ya nyumbani, bado inatumia dizeli." Wakacheka sana. Mama yako akatokea na sinia la vikombe, akacheka nao. Nikalirudia hilo neno miaka miwili. Wewe mwenyewe ulikuwa unacheka, na sikulaumu, ulilisikia kwangu.

Siku alipoanguka ulikuwa chuoni Eldoret. Niliita nje kama kawaida, "Mama Kemunto!" Kimya. Nikaita tena. Moshi ulikuwa unatoka mlangoni na maziwa yalikuwa yanaungua, nasikia harufu. Nilisimama pale, mwanangu. Nilisimama nje ya mlango wa jikoni kwangu nikiita mke wangu kwa muda ambao mtu angeweza kuingia na kutoka mara kumi. Halafu nikaingia.

Nilikuwa sijui. Hilo silisemi kujitetea. Masizi yalikuwa yananing'inia kutoka darini kama nyuzi, marefu, meusi, yanacheza. Ukuta ulikuwa unang'aa weusi. Macho yalinichoma nikafumba, na kabla sijamfikia nilikuwa nimeshakohoa. Alikuwa amekaa chini, ameegemea gunia la mahindi, midomo imebadilika rangi, na ameshika mwiko. Aliponiona hakushtuka kwa hali yake, alishtuka kwamba nimeingia. Akasema, "Toka, utachafuka."

Yaliyofuata unayajua. Nilibomoa ukuta nikaweka dirisha. Nikajenga dohani. Nikaleta jiko la gesi, na nikapeleka waya, taa mbili, nyeupe, zinazomulika kila pembe. Nilifanya kwa wiki mbili kazi ya miaka zaidi ya kumi. Mama yako aliingia kuona, akakaa kwenye kigoda, akasema pamekuwa pazuri, kisha akashindwa kuinuka. Tangu siku hiyo hajapika humo. Ni wewe na mimi tunaopika humo. Ndiyo, mimi, na babu yako kama ananiona na anione.

Ile mashine ya oksijeni kanisa liliponiletea nilifurahi. Nikasema angalau sasa kuna kitu ninachokijua. Umeme ni kazi yangu. Ukaniona nimeongeza paneli, nimeongeza betri, nimehamisha taa zote kwenye laini nyingine ili mashine iwe peke yake. Ulidhani nimeshinda, kwa sababu nilikuwa napiga mluzi. Sikuwa nimeshinda. Jua letu la hapa unalijua: asubuhi zuri kabisa, saa nane wingu, saa tisa mvua, na mvua ikianza stima ya nguzo nayo inaondoka. Betri zangu zilinunuliwa kwa ajili ya balbu na televisheni. Mashine inazila kabla ya jua kutua. Inverta inapoanza kulia kwamba betri zimeisha, naleta mtungi wa oksijeni, naugeuza mfuniko, nakaa kitandani pembeni naangalia mshale wa kipimo ukishuka. Mimi Fundi wa Jua. Nimewawekea watu umeme mpaka mpakani, na nimeshindwa kumwekea mke wangu pumzi ya saa nzima bila wasiwasi.

Kuna asubuhi juu ya paa la kiwanda nilisimama kwenye safu ya mwisho, ile isiyoonekana kutoka ofisini. Nikahesabu paneli nane. Nane tu, na betri za kutosha, na mama yako angelala bila mimi kuangalia mawingu. Nilitoa bisibisi mfukoni nikafungua skrubu mbili. Kisha nikazirudisha. Sijui kama nilizirudisha kwa uaminifu au kwa woga. Nakuambia ili ujue baba unayemwacha ni mtu wa namna gani.

Sasa la daktari. Wiki iliyopita, siku ile ulipokuwa Nairobi kuchukua viza, nilimpeleka mama yako kliniki. Alipimwa, akapuliza kwenye kile kibomba, akatoka nje kukaa kwenye benchi. Daktari, kijana mpole, wa umri kama wako, akanibakiza. Akasema mapafu yamefika mwisho wa kazi. Nikamwuliza kwa lugha ya mafundi, sipati kubadilisha kitu? Akasema hapana, mzee. Nikamwuliza ni muda gani. Hakutaka kusema. Nikang'ang'ana. Akasema miezi, na kwamba akiuona mwaka mpya tushukuru sana.

Nilipotoka mama yako alikuwa amejua. Hakuniuliza amesema nini. Alisema, "Usimwambie Kemunto." Nikaanza kumwinua twende. Akasema, "Nimesema usimwambie. Akijua hataenda. Mimi nimekaa kwenye moshi ili huyu mtoto asikae kwenye moshi. Niapie." Watu walikuwa wanapita. Nikaapa, pale kwenye benchi, nimeshika mkono wake. Na ndiyo sababu Jumapili nilikujibu nilivyokujibu.

Leo nakivunja kiapo hicho. Nimewahi kumwambia mama yako uongo juu ya waya, na nimeona uongo mdogo wa siku moja unavyoweza kukaa ndani ya nyumba. Wewe sitaki kukuanzishia wa namna hiyo. Ukiondoka kesho bila kujua, utapigiwa simu ukiwa mbali, na katika maisha yako yote utakumbuka nimeinamisha kichwa nakama ng'ombe.

Ungependa baba akuambie ufanye nini. Nimekaa hapa mezani muda mrefu nikitafuta, na sina. Nikikuambia nenda, ni kana kwamba namsaidia kukunyima siku zake za mwisho. Nikikuambia baki, nafasi hiyo ya masomo haitakungoja, na yeye atakufa akijua kwamba ameizuia, na hilo litamuua mapema kuliko mapafu. Ukibaki, huwezi kumfanyia zaidi ya ninalofanya mimi, yaani kukaa na kutazama mshale. Nimezoea kitu kikiharibika nafungua, natafuta waya uliokatika, naunga. Hapa hakuna cha kufungua. Siwezi kitu, Kemunto. Sijawahi kukuandikia neno hilo, na sidhani nimewahi kulisema mbele yako.

Kama utaenda, kitu kimoja tu cha ufundi, halafu ninyamaze. Kule watakufundisha kuhesabu kaboni vizuri kuliko mimi, na ninataka uijue, maana huo moshi wa dunia upo na unatuua vilevile. Lakini siku utakapofika kwa mtu na paneli zako, kabla hujapanda ngazi, ingia anakopikia. Usiite ukiwa nje.

Nilikuwa nimefika hapo, nikawa natafuta namna ya kumalizia, mama yako akaamka. Mvua imeanza, mabati yanapiga kelele, sikumsikia akiinuka. Amesimama mlangoni ameshika fremu, akaangalia karatasi, akaniangalia mimi.

"Unaandika nini?"

"Orodha ya vitu vya safari."

"Baba Kemunto. Kurasa tano?"

Akaja polepole akakaa kwenye kiti chako, akapumzika mpaka pumzi ikarudi. Nilijua atanigombeza, na nilikuwa tayari nigombezwe.

"Umemwambia," akasema.

"Nimemwambia."

Kisha akaanza kulia, yeye ambaye hakulia kwa daktari, na mimi nikashindwa hata kunyoosha mkono. Alipomaliza akajipangusa kwa leso, akasema, "Mwambie aende." Nikaandika hapa, kama unavyoona. Nikadhani amemaliza.

Akasema, "Na umwandikie leo alale na mimi."

Godoro lako nimeshalihamisha.

Baba yako